Mawe ya kung'aa kutoka malundo ya Tiira, ni kwatsi tu, lile jiwe la kawaida (quartz), ama kuna kitu?

mtoto_wa_mpakani

Habari zenu wote. Mimi niko Busia, upande wetu huu wa Uganda, na Jumapili nyingi napanda boda mpaka Tiira kumuona binamu yangu, anafanya kazi kwa shimo moja pale. Yeye anatafuta dhahabu mimi natafuta mawe tu, wananicheka mpaka wamenipa jina, daktari wa kokoto. Kuna lundo la mawe wanayotupa, yale wameshaona hayana kitu, hapo ndio naokota, na mwenye shimo aliniruhusu bora nisikaribie mdomo wa shimo na nisiguse kitu ambacho kimeshaingia gunia.

Sasa hivi nina kama ndoo moja na nusu chini ya kitanda. Mengi ni meupe kama maziwa, mwanga haupiti. Mengine meupe hivyo hivyo lakini yana vitundu vya pembe nne vimejaa kutu, utafikiri mtu ametoboa na patasi. Alafu kuna vidude vitatu vya kahawia nzito, umbo la dadu kabisa, ya kuchezea ludo, pande zote sita ziko sawa na sikuzichonga mimi. Kuna moja la rangi ya moshi, ukiliinua kwa jua unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Na kuna moja, hili ndilo limeleta maneno, safi kama glasi, limezidi gumba langu kidogo, ubavuni lina pande sita na juu ncha kama penseli, ndani kuna kitu cha kijani kama kuvu ya mkate.

Hili la mwisho nilimuonyesha jamaa mmoja hapa mjini ananunuanunua vitu. Akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akakwaruza, kioo kikachorwa mstari, akaniangalia hivi, akasema kijana hii ni almasi, glasi haikatwi na kitu kingine. Anataka nimpe laki mbili apeleke kwa mtu wake Kampala apimiwe, tukipata tunagawana nusu kwa nusu. Laki mbili sina lakini naweza kukopa. Ndio nauliza kabla sijakopa, haya mawe ni nini na nitajuaje bila kumpa mtu mkononi?

jiolojia_mtaani

Usikope bana! Hata elfu mbili usimpe.

Ukweli ni kwamba mtihani wake alioufanya unaonyesha kitu kimoja tu, kwamba jiwe lako ni gumu kuliko kioo, basi. Kuna kipimo cha ugumu kinaitwa cha Mohs, kimeanza 1 mpaka 10. Kioo cha dirisha kiko kama 5 na nusu, kwatsi ni 7, topazi 8, rubi na safiri 9, almasi 10. Kwa hivyo kila kitu kutoka 6 kwenda juu kitachora kile kioo, hata mchanga wa barabarani utachora, manake mchanga mwingi ni kwatsi iliyosagika. Yeye anajua hilo au hajui, lakini laki mbili yako anaijua vizuri.

Umbo lenyewe ulilolieleza limeshasema. Nguzo ya pande sita na ncha juu ni kwatsi, almasi haitoki hivyo, almasi mbichi mara nyingi ni kama piramidi mbili zimegandishwa tako kwa tako na inateleza kama imepakwa mafuta. Fanya hivi: shika jiwe karibu na dirisha, ligeuze polepole, angalia zile pande za ubavuni. Ukiona mistari midogomidogo imekatiza kwa upana, kama ngazi, hiyo ni kwatsi. Mistari ikienda kwa urefu kutoka chini kwenda juu basi tuongee tena.

Na ukitaka kumaliza ubishi kabisa, pima uzito wake kwa maji. Huhitaji maabara, unahitaji mizani ya kielektroniki ile ya duka inayosoma mpaka nukta moja ya gramu, kikombe cha plastiki, na uzi. Kwanza pima jiwe likiwa kavu, andika. Alafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, funga jiwe na uzi ulishushe ndani ya maji lizame lote lakini lisiguse chini wala ubavu wa kikombe, wewe umeshika uzi juu. Mizani itasoma namba, hiyo namba ni maji ambayo jiwe limeyasukuma. Gawa uzito mkavu kwa hiyo namba. Kwatsi inatoa 2.65, iwe nyeupe iwe ya moshi iwe ya zambarau, haibadiliki sana. Almasi ni kama 3.5. Topazi pia iko hapo kwa 3.5. Glasi ya chupa inakuwa kama 2.5, hiyo iko karibu na kwatsi kwa hivyo hapo ugumu ndio utasaidia.

Rudi na namba tuone.

Fundi_Sururu

Kijana mimi nimechimba hapo na upande wa Busitema miaka mingi kabla mgongo haujakataa. Mawe yako meupe ndiyo mshipa wenyewe. Dhahabu ya Busia inajulikana tangu miaka ya 1930 na tangu hapo watu wanafuata hiyo mistari myeupe ndani ya mawe ya kijani. Jiwe likiwa jeupe pe halina hata doa, sisi tulikuwa tunalipita. Jiwe zuri ni lile linatoka kutu, limeoza, ukiligonga linatoa unga wa rangi ya chai.

Vile vitundu vya pembe nne nikueleze. Zamani hapo ndani kulikaa kitu cha kung'aa kama shaba, hiyo wazungu wanaita dhahabu ya wajinga, jina lake pairiti. Inaota kama dadu. Maji ya mvua na hewa vikiifikia inaoza inakuwa kutu, kutu inasombwa, inabaki nyumba yake tu tupu. Sasa kama ndani ya pairiti kulikuwa na dhahabu, dhahabu yenyewe haiozi, inabaki imekaa kwa ile nyumba. Ndio maana mzee akiona jiwe la hivyo analilamba kwanza aone vizuri kabla hajalitupa! Wewe usilambe, siku hizi pale kuna zebaki, ile sumu wanayokamatia dhahabu, kila mahali.

Na vile vidadu vyako vitatu ni pairiti iliyooza bila kupoteza umbo. Nje na ndani ni kutu tupu. Sugua kimoja kwa upande wa nyuma wa kigae cha bafuni, ule haung'ai, utaona kimeacha mstari wa njano ya kahawia. Pairiti mbichi inaacha mweusi wenye ukijani. Dhahabu yenyewe inaacha njano yake ile ile. Njia nyingine ni nyundo: dhahabu ukiigonga inatandaa kama chapati, pairiti inapasuka unga mweusi. Na dhahabu hata ukiipeleka kivulini rangi haibadiliki, pairiti inapiga mwanga ukiigeuza hivi, ukiigeuza hivi inazima.

Ukikuta jiwe la rangi ya fedha ukiligonga linatoa harufu ya kitunguu saumu, liweke chini unawe mikono. Lina sumu ya arseniki. Wala usilichome.

BigMan_Kla

mnamkatisha tamaa kijana bure. kwatsi safi ni pesa, saa zote za ukutani na simu zinatumia kwatsi, mzungu ananunua kwa kilo. mimi najua mtu alijenga nyumba. nicheki pembeni kijana nikuunganishe

jiolojia_mtaani

@BigMan_Kla hapana mzee. Ndani ya saa kuna kwatsi kweli, kipande kidogo kama cha njiti, kikipewa umeme kinatikisika mara 32,768 kwa sekunde na saa inahesabu hapo. Lakini hiyo kwatsi inatengenezwa kiwandani, inaoteshwa ndani ya mitungi ya chuma yenye joto na presha, kwa sababu ya asili ina nyufa na uchafu. Hakuna kiwanda cha saa kinangojea gumba la mtu wa Busia. Na kijana usimfuate mtu pembeni, maswali yote uliza hapa hapa mbele ya watu.

Sisemi halina thamani. Jiwe lenye ncha nzima haijabanjuka, na kijani ndani, mkusanyaji atalipenda. Hicho kijani mara nyingi ni kloraiti, imenaswa wakati kwatsi inaota. Inatoka kwa yale mawe ya kijani ambayo mzee Fundi amesema, ambayo zamani sana yalikuwa lava, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ukanda huo huo unavuka mpaka unaingia Kenya, haujui paspoti.

Kwa rangi sasa. Ile nyeupe ya maziwa ni kwa sababu ya mapovu madogo sana ya maji yaliyofungiwa ndani, mamilioni, mwanga ukiingia unatawanyika, kama ukungu. Ya moshi ina alumini kidogo ndani yake, alafu mnururisho, yaani miale isiyoonekana, wa kawaida wa miamba inayoizunguka ukaipiga kwa muda mrefu sana ikawa nyeusinyeusi. Ukiichemsha kwa moto mkali rangi inapotea kwa hivyo usijaribu. Ile ya zambarau, amethisti, hapo ni chuma badala ya alumini, na ukiiacha dirishani jua linaifubaza. Ya njano mnayoona kwa maduka ya vito ikiitwa sitrini, nyingi ni amethisti iliyochomwa kwa tanuru.

Kuna mchezo mmoja watoto wangu wanaupenda. Usiku zima taa zote, ngoja macho yazoee, chukua mawe mawili ya yale meupe ya kawaida uyasugue kwa nguvu moja juu ya lingine. Yanawaka kwa ndani, mwanga wa chungwa hafifu, alafu yanatoa harufu kama ya kitu kilichoungua. Hata chini ya maji yanawaka.

dada_wa_Kikagati

Jamani Busia mnajisifu na sisi huku Isingiro tupo. Huku kwetu Kikagati na pale Mwirasandu kwa jirani zetu wa Ntungamo hatufuati dhahabu, tunafuata bati. Jiwe letu ni jeusi, dogo, na zito mpaka unashangaa, ukilipima kwa hiyo njia ya uzi utapata karibu 7. Mtu ambaye hajalizoea anadhani ni kipande cha chuma cha gari. Nalo linakaa na kwatsi hivyo hivyo, kwa hivyo babu yangu alikuwa anasema kwatsi ni kama mama mwenye nyumba, wapangaji ndio wanabadilika.

Kwa mambo ya mistari nikuongezee kaka. Huku kwenye yale mawe ya chembe kubwakubwa, pegmataiti, utakuta mika inabanduka kama kurasa za daftari, utakuta turmalini nyeusi, utakuta berili ya kijani ya kufifia. Berili nayo ina pande sita! Watu wengi wanaikosea na kwatsi. Lakini berili juu ni bapa kama meza imekatwa, haina ncha ya penseli, na mistari yake inaenda kwa urefu. Turmalini vilevile mistari kwa urefu, na ukiangalia kwa juu inakuwa pembetatu iliyovimba. Kwa hivyo mistari ya upana na ncha, kwatsi. Mimi nilifundishwa hivyo na mtoto wa darasa la sita, sina cheti.

dereva_wa_Moroto

Hodi humu. Mimi nilikuwa napeleka trela Karamoja, nilirudi na jiwe jeupe zuri la kung'aa nikaambia mke wangu hii ni kwatsi tuweke sebuleni. Shemeji yangu akachukua msumari akalichora. Msumari! Kumbe ni marumaru, si kule Moroto marumaru iko ya kumwaga. Marumaru ugumu wake ni 3 tu, na ukiikamulia ndimu inatoa povu kidogo. Kwatsi haijali ndimu wala msumari, tena msumari ndio unaacha alama ya kijivu juu yake kama umeandika na penseli. Kwa hivyo anza na msumari, ni bure, hiyo mizani mtu atakunyima.

nesi_wa_zamani

Wanangu mmeongea ugumu na uzito hakuna aliyetaja kifua. Vumbi la hilo jiwe jeupe linapopigwa kavu, na zaidi kule linaposagwa kwa mashine, linaingia kwenye mapafu na halitoki. Nimehudumia vijana wa miaka thelathini wanapumua kama wazee. Ukigonga jiwe lako, limwagie maji kwanza. Kitambaa cha mdomoni hakitoshi, vumbi baya ni lile usiloliona.

Zebaki Fundi amegusia. Wanachanganya na mchanga kwa mikono, alafu wanachoma kwenye kijiko juu ya sigiri ya kupikia. Wewe ukiokota mawe karibu na pale wanapoosha mchanga, usiyalete chumbani. Na samahani, chini ya kitanda si mahali pa ndoo ya mawe ya mgodi, toa nje yaoshwe.

Na kuosha kwenyewe: kutu haitoki kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mjukuu wangu alimwaga hiyo dawa, akaona kutu iko pale pale, akaongeza siki ndani ya beseni hilo hilo. Ilitoka hewa ya kukaba koo, tukakimbia nje na sufuria ya posho ikaungulia jikoni. Siki peke yake siku kadhaa, au ndimu, alafu mswaki wa zamani, unatosha.

mtoto_wa_mpakani

Nimerudi. Mizani nilipewa na mjomba, anapimia viungo dukani, akasema nikimwaga maji ndani nitanunua mpya, kwa hivyo niliifunga na nailoni kwanza.

Lile safi likiwa kavu: gramu 48.2. Kwa maji ilisoma 18.2. Nikagawa kwa simu, 2.648. Nikarudia mara tatu manake mara ya kwanza uzi uliteleza jiwe likagonga chini mizani ikapanda kama bei ya sukari. Ya moshi: 31.8 kwa 12.0, 2.65. Hapo nikacheka peke yangu, mawe mawili hayafanani kabisa na namba ni moja! Kidadu kikubwa: 7.4 kwa 1.9, inakuja kama 3.9, na kwa kigae kimeacha mstari wa njano kahawia vile mzee Fundi alisema. Nilijaribu kimoja kidogo kukigonga na nyundo, katikati kabisa kulikuwa na punje bado inang'aa njano, kama yai limechemshwa vibaya.

Mistari kwa lile safi ni ya upana. Nilikuwa siioni nikaichanganya na mikwaruzo mpaka nikaliweka na mwanga wa pembeni, ndio ikatokea kama ngazi.

Yule jamaa nilimpelekea namba nimeandika kwa karatasi. Akasema mizani za duka haziwezi kupima almasi. Nikamuuliza sasa mtu wako wa Kampala ataipima na nini, akasema ana simu, akaondoka.

Maswali mawili. Naweza kuuza hata kidogo kwa wale wakusanyaji bila kushikwa? Na ile ya kijani ndani, nikiipiga picha haionekani.

jiolojia_mtaani

3.9 kwa kidadu iko sawa kabisa, pairiti yenyewe ni karibu 5 lakini ikishageuka kutu inapungua, na ile punje uliyoona katikati ni pairiti ambayo hewa haijaifikia. Hicho kilichopasuka usitupe, ndicho kizuri kuliko vyote ulivyo navyo. Kinaonyesha kitu kikiwa katikati ya safari.

Kuuza: Katiba yetu kifungu cha 244 inasema madini ni ya serikali hata yakiwa kwa shamba lako, na sheria ya madini ya 2022 ilileta leseni mpaka kwa wachimbaji wadogo. Kuwa na mawe machache ya kuangalia nyumbani ni jambo moja, kufanya biashara ama kuyavusha kwenda Kenya ni jambo lingine, hapo unahitaji makaratasi. Ukiwa na swali la kweli nenda Entebbe kwa kurugenzi ya jiolojia na madini, wana maabara, na ile idara ni ya tangu 1919. Mkuu wake wa kwanza aliitwa Wayland, na kuna madini yamepewa jina lake, waylandaiti, yaliyotambuliwa mara ya kwanza kutoka kilima cha Wampewo hapo Busiro. Nikipita na taksi naangaliaga nje dirishani kama mjinga.

Kitu kimoja ningekuomba: kila jiwe lifunge kwenye kikaratasi uandike ulilitoa lundo la shimo gani na lini. Jiwe lisilo na mahali lilipotoka hata mimi silitaki.

Fundi_Sururu

Na usiandike jina la mwenye shimo. Andika "mwembe mkubwa, upande wa kushoto". Wa Tiira wataelewa.

dada_wa_Kikagati

Picha ya kijani: usitumie flashi. Weka jiwe ndani ya glasi ya maji, karatasi nyeusi nyuma, tochi ya simu nyingine ipige kwa ubavu. Tuonyeshe leo.

mtoto_wa_mpakani

Umeme umekatika tangu saa kumi na simu iko asilimia tatu. Kesho.